Koni ya mboga: plastiki inauzwa dukani, udongo utautafuta mwenyewe

Machi ikiingia, kabla mvua ya masika haijashika, maduka ya pembejeo jijini Nairobi hutoa koni za mboga na kuzipanga nje ya mlango. Ni pete tano za plastiki nyeusi zilizoingizwa moja ndani ya nyingine kama sufuria za seti, na juu yake picha ya bustani iliyofurika majani mpaka plastiki yenyewe haionekani. Muuzaji huiita bustani ya ghorofa. Atakuambia inabeba miche mia moja na ushei, haili nafasi, haili maji, na hata mtoto anaweza kuifunga. La mwisho ni kweli.

Tunayoipima hapa ni koni ya kawaida ya pete tano, ile ambayo pete ya chini ina upana wa sentimita 150 na kila inayofuata inapungua kwa 30: 120, 90, 60, 30. Kimo cha kila pete ni sentimita 20, kwa hiyo ikishajaa inafika mita moja. Zipo ndogo za pete tatu na kubwa zaidi ya hii, lakini hii ndiyo inayoingia kwenye uwanja wa ploti ikaacha njia ya kupita na mahali pa kuanika nguo. Ni kifaa kizuri. Kasoro ni kwamba inasifiwa kwa yale isiyoyaweza, na sifa yake halisi hakuna anayeitaja dukani.

Anza na hiyo miche mia. Kati ya pete na pete kuna ukingo wa sentimita 15 tu wa kupandia. Sukuma wiki inayotaka kuishi miezi na kutoa majani mapana inahitaji sentimita 30 kutoka shina hadi shina. Ukizunguka na utepe utapata mashina 14 pete ya chini, 11 ya pili, 7 ya tatu, 4 ya nne, na 1 kileleni. Jumla 37. Ukibana hadi sentimita 20 utafika 56, na majani yatakuwa ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mia unaipata kwa dhania na vitunguu vya majani peke yake. Sasa linganisha na duara hilo hilo la mita moja na nusu likilimwa tambarare: linachukua mashina kama 20. Kwa hiyo koni inakuongezea karibu mara mbili ya mboga kwa nafasi ile ile. Si haba, ila si muujiza wa kwenye picha.

Jambo ambalo tangazo halisemi kabisa ni udongo. Pete hizo tano zikijaa zinameza lita 780 hivi. Kwa debe la lita 20 hayo ni madebe 39, na kwa toroli la fundi wa mjengo, safari 13. Mnunuzi wa Umoja au Kayole anabeba koni yake mkononi kwenye matatu, anafika nyumbani, anaifungua, halafu ndipo anauliza udongo unatoka wapi. Bei ya plastiki ni sehemu ndogo ya gharama. Udongo, samadi, mchanga na mtu wa kusukuma mkokoteni vinaweza kuipita kwa urahisi, hasa upande wa mashariki wa jiji ambako udongo wa kupandia haupo mlangoni.

Uzito nao ni suala la usalama. Mchanganyiko huo ukilowa unafika tani moja na robo hivi, na wote unakalia eneo lisilofika mita mbili za mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na koni inaiwekea zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa sababu hiyo koni ya pete tano haiwekwi kwenye roshani wala juu ya slabu, hata kama jirani anayo na haijamtokea kitu. Mahali pake ni chini, ardhini. Anayeishi ghorofani anunue ndoo za lita 20 azipange kando ya ukuta.

Udongo wa upande gani?

Nairobi ina udongo wa aina mbili kuu, na mafanikio ya koni hutegemea uko upande upi. Magharibi na kaskazini, kuanzia Kabete na Kikuyu hadi Karura, kuna udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Mashariki na kusini, Embakasi kuelekea Athi River na Kitengela, kuna ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa unavimba na kunata kama ulimbo, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Huo mweusi usiuweke kwenye koni peke yake. Ukivimba unasukuma pete hadi vifungo vinang'oka, na ukikauka unajitenga na plastiki, maji yanapita pembeni moja kwa moja hadi chini na mizizi inabaki na kiu. Ukiwa huna mwingine, usizidi robo ya mchanganyiko, na uuponde ukiwa umekauka.

Kwa udongo mwekundu, kipimo kinachofanya kazi ni madebe manne ya udongo, mawili ya samadi iliyoiva na moja la mchanga wa mto. Kwa koni nzima hayo ni madebe 22, 11 na 6. Weka akiba ya madebe matatu pembeni, kwa sababu mvua mbili za kwanza zitaudidimiza udongo na pete za juu zitabaki nusu tupu. Changanya vyote chini kwenye turubai kabla ya kujaza. Ukimwaga tabaka tabaka, samadi inakaa mahali pamoja na mchanga mahali pengine, na mche utakaoangukia kwenye mchanga utakuambia mwenyewe.

Samadi iliyoiva haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi tena kutambua majani yaliyoliwa na ng'ombe. Mbichi inaunguza mizizi na kuota magugu mwaka mzima. Ya kuku ni kali zaidi, punguza hadi nusu ya kipimo na uiache miezi mitatu kwanza. Mchanga uwe wa mto. Vumbi la kokoto ni rahisi kupatikana kwenye mjengo wa jirani, lakini likilowa linashikana kama sakafu. Udongo wa kuchimbua msingi wa nyumba nao uutazame vizuri: ukiwa na vipande vya saruji au chokaa, majani yatageuka manjano na hakuna mbolea itakayoyarudisha.

Majivu ya jiko la makaa yanafaa kwa udongo mwekundu kwa kuwa una asidi, ila kwa kiasi: gorogoro moja kwa koni nzima, yamechanganywa vyema. Watu humwaga ndoo nzima wakidhani ni mbolea.

Siku ya kujaza

Chagua siku tulivu mwanzoni mwa Machi, na upange chakula kinachojipika chenyewe, kwa sababu kazi hii itawashika watu wawili nusu siku. Githeri ndiyo inayofaa. Roweka mahindi makavu na maharagwe tangu usiku, mahindi vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maharagwe. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mengine yafunike kwa vidole vinne, na injika kwenye jiko lililowashwa vizuri. Kumbuka Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana githeri ya hapa huchukua saa mbili na nusu hata tatu, na mgeni kutoka Mombasa hushangaa maharagwe hayalainiki. Chumvi iwe ya mwisho. Yale maji ya kurowekea hayana haja ya kwenda kwenye mtaro, yamwage kwenye koni.

Wakati sufuria inatokota, sawazisha ardhi kwa pima maji au kwa sahani ya maji tu. Koni iliyoinama kidogo inamwagilia upande mmoja na kuunyima mwingine kwa maisha yake yote, na ikishajaa tani nzima hakuna wa kuiinua. Lima chini ya pete ya kwanza kina cha jembe moja ili maji ya ziada yapate pa kwenda. Usitandike plastiki chini. Kuna wauzaji wanaoshauri hivyo ili mizizi ya miti isiingie, na matokeo yake ni beseni la tope lenye sukuma inayooza mizizi.

Bomba la katikati ndilo moyo wa kifaa hiki, na ndilo linalokosewa zaidi. Koni nyingi huuzwa bila bomba, au na kipande cha mpira chembamba ambacho kinaziba kabla ya mwezi kwisha. Tafuta bomba la PVC la inchi 3, urefu wa mita 1 na sentimita 10. Pasha moto msumari wa inchi 4 na utoboe matundu kila sentimita 10, kwa kupishanisha pande, ukiacha sentimita 20 za chini bila tundu. Chini kabisa ziba kwa kofia ya bomba yenye tundu moja dogo. Kosa la kawaida ni kuacha mdomo wa chini wazi: ukimwaga maji juu yanashuka yote hadi ardhini kwa sekunde chache na pete haziguswi. Lizungushie kipande cha neti au soksi kuukuu ili udongo usiingie, lisimamishe katikati ya pete ya kwanza, na liache lichomoze sentimita 10 kileleni. Bomba hilo linashika karibu lita 5 kwa mkupuo.

Jaza pete ya kwanza, gandamiza kwa kiganja (si kwa mguu), mwagia maji, ndipo uweke ya pili katikati. Usijaze hadi mdomo. Acha vidole viwili, la sivyo kila ukimwagilia utaosha udongo hadi pete ya chini. Ikishafika juu iache wiki moja hadi mbili, ukiilowesha kila baada ya siku tatu. Ikishuka, ongeza ile akiba. Atakayepanda siku hiyo hiyo ataikuta miche yake imezama kwenye shimo au imebaki na mizizi hewani.

Jua, ukuta na mahali pa kusimamisha

Picha za matangazo huonyesha koni kwenye uwanja mpana. Ploti za Nairobi zina kuta. Jiji liko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Machi jua liko karibu utosini na kila mahali panaonekana pana mwanga wa kutosha. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kuanzia Aprili jua linahamia kaskazini na kubaki huko hadi Septemba. Koni iliyowekwa upande wa kusini wa jengo la ghorofa nne itakaa kivulini Juni na Julai, ambayo ndiyo miezi ya baridi na mawingu, na sukuma itasimama tu bila kuongeza jani. Iweke upande wa kaskazini, mashariki au magharibi ya jengo, mahali panapopata jua saa sita kwa siku. Ikiwa nafasi pekee ni ya kusini, panda spinachi na dhania, uache managu.

Mbali na mapaa yanayotiririsha maji pia. Mvua ya Aprili ikishuka kutoka kwenye bati inatoboa ukingo wa koni kama patasi.

Nini kipande wapi

Pete ya chini ina udongo mwingi na inapokea maji yanayoshuka kutoka juu, kwa hiyo ni ya spinachi na sukuma, zenye mizizi mirefu. Pete ya pili, sukuma zaidi au kanzira. Pete ya tatu ni nzuri kwa managu na terere. Ya nne, vitunguu vya majani. Kilele kina lita 14 tu za udongo na hukauka kabla ya mahali pengine popote. Weka rosmari hapo na uisahau. Wengi huweka nyanya kileleni kwa ajili ya uzuri. Itakauka, na isipokauka itaangusha matawi juu ya mboga zote. Tena nyanya na managu ni ndugu wa ukoo mmoja, wanaambukizana magonjwa na wadudu.

Saga ipande kwa mbegu moja kwa moja, kwa sababu mzizi wake mkuu ukikatika wakati wa kuhamisha mmea unadumaa. Dhania vivyo hivyo, upande wa koni unaopata kivuli mchana, na isiwe nyingi kwa mara moja: panda robo ya duara kila baada ya wiki tatu. Nderema usiithubutu. Ni mboga tamu, lakini itatambaa koni nzima na kupanda kamba ya nguo.

Miche ya sukuma ya kununua kwenye vitalu vya kando ya barabara iwe na majani manne au matano na shina la unene wa penseli nyembamba. Mirefu yenye shingo ya zambarau na majani ya manjano imekaa kitaluni kupita kiasi, itatoa maua mapema. Ukinunua mbegu, angalia tarehe na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, kwenye pakiti. Otesha kwanza kwenye trei kwa wiki nne hadi sita. Panda jioni au siku ya mawingu, zamisha hadi jani la kwanza, na uzungushie shina kipande cha karatasi ngumu chenye kimo cha vidole viwili, kwa sababu kuna funza wa udongoni anayekata mche usiku kwenye usawa wa ardhi na kukuachia kisiki asubuhi.

Maji

"Haili maji" ni dai la kutazamwa kwa jicho la pembeni. Kitu kilichoinuliwa, chenye ngozi nyeusi na kupigwa na upepo pande zote, hukauka upesi kuliko shamba tambarare. Kipindi cha ukame koni yenye mboga zilizokomaa inataka mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku: lita 10 kupitia bomba, kwa mikupuo miwili, na 10 kwenye kingo kwa kopo la matundu. Mahali ambapo mgao wa maji ni siku mbili kwa wiki, hiyo ni mitungi saba inayopaswa kuhesabiwa pamoja na ya kupikia na kuoga. Tandaza nyasi kavu au maganda ya maharagwe unene wa vidole viwili kwenye kila ukingo na utaona tofauti.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa sana. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hayafai, kwani chumvi zake hujikusanya kwenye udongo huo mdogo usio na pa kuzisukuma, na kingo za majani huanza kuungua. Ya mtaro au ya mto wa jiji usiyafikirie. Sababu moja kubwa ya kupanda mboga nyumbani ni kuyakwepa hayo.

Hapa sasa ndipo penye ile sifa halisi ambayo dukani hawaisemi. Koni inashinda wakati wa mvua. Aprili, bustani tambarare za udongo mweusi zinapogeuka dimbwi na sukuma kuanza kunyauka huku imesimama ndani ya maji, koni iliyochanganywa vizuri inachuja na kuendelea kutoa. Kwa mkazi wa Embakasi hiyo peke yake inatosha kuinunua. Kwa mkazi wa Kabete mwenye udongo mwekundu na kipande cha ardhi, koni ni pambo; alime chini.

Gunia je?

Gunia linastahili kutajwa kwa sababu ndilo babu wa koni hapa mjini. Lilienea sana Kibera baada ya ghasia za 2008, shirika la Solidarités lilipowasaidia wakazi kuanzisha mashamba ya magunia. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kilimo cha mjini, na 2020 Wizara ya Kilimo ikahimiza bustani milioni moja za jikoni. Koni za dukani zimeingia kwenye soko ambalo gunia lililifungua.

Gunia la kilo 90 linameza lita 100 hivi za udongo na likilowa linafika kilo 150. Katikati husimamishwa nguzo ya kokoto: kata mkebe wa gorogoro pande zote mbili, ujaze kokoto za inchi moja, zungushia udongo, uvute juu, ujaze tena. Ubavuni toboa matundu ya kupishana kila sentimita 25. Kwa bei ni bure ukilinganisha. Ubaya wake ni mmoja: jua la Nairobi hulila. Gunia la kawaida la nyuzi za plastiki lisilokingwa dhidi ya jua huanza kumomonyoka ndani ya mwaka, na vipande vyake vinachanganyika na udongo. Ukitaka kujaribu kabla ya kutoa elfu kadhaa kwa koni, panda magunia mawili msimu mmoja. Yakikushinda kumwagilia, koni itakushinda zaidi.

Wadudu

Vidukari ndio kero ya kwanza, wanakuja ukame ukizidi na kujificha chini ya jani la sukuma. Maji ya sabuni ya kipande, kijiko kimoja kikubwa kilichokunwa kwa lita moja, yapulize chini ya majani jioni, suuza asubuhi. Jani lililojikunja livunje na kulitupa mbali, siyo kwenye koni. Managu hupatwa na utitiri mwekundu, unaoonekana kama vumbi lenye utando; kumwagia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kunausumbua. Mvua ikija, konokono hupenda kulala kwenye mkunjo wa plastiki mahali pete zinapokutana. Wafuate huko usiku na tochi.

Kuku wa jirani hawana dawa ila neti.

Kutoka koni hadi sufuria

Sukuma huanza kuvunwa wiki ya tano au ya sita tangu kupandwa. Vunja jani la chini kwa kulivuta kuelekea ardhini, acha majani matano au sita ya juu, na usichukue zaidi ya matatu kwa shina kwa wiki. Majani 25 ya ukubwa wa kiganja cha mtu mzima yanatosha mboga ya watu wanne. Kwa hiyo mashina 20 ya sukuma yanakupa mara mbili, tatu kwa wiki ukibahatika. Mama mboga hutamsahau, lakini utamwona kwa nafasi.

Jani la kuvunwa asubuhi hiyo hiyo lina maji mengi kuliko la sokoni, na linataka kupikwa tofauti. Lioshe zima kabla ya kulikata. Lizungushe na ulikate jembamba. Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, nyanya mbili hadi zilainike na mafuta yajitenge, kisha sukuma kwa moto mkali, bila kifuniko, dakika nne. Chumvi mwishoni, kwa sababu ikitangulia majani yanatoa maji na unabaki na supu.

Managu yakatwe mara ya kwanza yakifika kimo cha kiganja na nusu, ukiacha vidole vinne vya shina ili yachipue pembeni, na maua yote yaondolewe. Wakati wa kuchambua tupa vitunda vya kijani, havifai kuliwa. Kwa gramu 500 za majani yaliyochambuliwa, weka nusu kikombe cha maji na uchemshe dakika 10. Machanga hayana haja ya kumwagwa maji yake. Yaliyokomaa yamwagwe mara moja, au uchanganye na konzi mbili za terere kupunguza uchungu. Kaanga na kitunguu, kisha robo kikombe cha maziwa au malai, moto mdogo hadi yashikane. Yakilala hadi kesho huwa matamu zaidi.

Kabla ya kulipa

Kuna nyenzo tatu sokoni. Plastiki ya mabwawa, ile nene inayotandikwa ndani ya mabwawa ya kuhifadhi maji, ndiyo inayodumu miaka. Ya neti ni nyepesi na ya bei ya chini, inapumua vizuri, lakini inakauka upesi zaidi na inapanuka tumbo ikijaa. Ya tatu ni karatasi nyembamba inayong'aa, ambayo ukiikunja kwa kucha inabaki na mstari mweupe. Hiyo iache dukani.

Mahali pa kukagua ni kwenye kiungo. Pete ya plastiki nzuri iliyoshonwa kwa uzi wa kawaida itafumuka kabla ya masika ya pili, kwani uzi huoza kwa jua. Iliyofungwa kwa bolti na washa, angalau tatu kwa kila kiungo, inakazwa na kurekebishwa. Shika pete ya chini mikono miwili, weka goti kwenye kiungo na uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Kisha omba utepe na upime hiyo 150, kwa sababu zipo zinazouzwa kwa jina hilo na ukingo wake ni sentimita 10 tu, usiotosha hata kitunguu.